Njano na buluu zilivyonitoa jasho

Msomaji wangu, ukimwona mtu anajisifu kwamba anaijua kompyuta, muulize kwanza kama amewahi kumchorea mdogo wake kadi ya sendoff. Mimi nimewahi, na mpaka leo nyumbani nikitaja kompyuta watu wanacheka.

Bibi harusi mtarajiwa alitaka njano na buluu. Nikasema hilo dogo! Nikachora umbo la mstatili, nikalijaza gredienti, yaani ile rangi inayoanza moja ikayeyuka taratibu hadi kuwa nyingine. Juu njano ya jua, chini buluu ya bahari. Katikati nikaona kama moshi hivi. Nikajipa moyo kwamba kioo kimezeeka, nikapeleka zichapwe kadi 200.

Ziliporudi, shangazi alichukua moja, akaigeuza-geuza, akauliza: "Mwanangu, hizi zimeungua na pasi?" Mdogo wangu hakusema kitu, alilia tu. Zilibaki siku tisa, na hela ya kadi ilikuwa michango ya watu.

Kosa lilikuwa langu, wachapaji hawakuwa na hatia. Kwenye kioo, kila rangi huandikwa kwa namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kuanzia 0 hadi 255. Njano kali ni 255, 255, 0. Buluu kali ni 0, 0, 255. Piga hesabu ya katikati: zote tatu zinaangukia 128 hivi. Namba tatu zikilingana hapo, bwana, unapata kijivu. Ndiyo moshi wangu huo!

Dawa yake ni kuweka rangi nyingine njiani. Itazame nembo ya Instagram iliyobadilishwa mwaka 2016: njano haiirukii buluu, inapitia kwanza kwenye chungwa, waridi na zambarau. Hakuna moshi.

Jambo la pili ni tabaka. Usidai gredienti moja ikufanyie kazi yote. Chukua mfano wa chungwa, tunda lenyewe. Chora duara, lijaze rangi ya chungwa. Nakili duara hilo, liweke juu yake pale pale, ulipe kahawia nzito upande wa chini inayofifia mpaka kutoonekana. Hicho ni kivuli. Juu kabisa weka yai dogo jeupe linalofifia pembeni. Huo ni mwanga. Tabaka tatu tu, na mtoto atataka kulimenya. Ila mwanga uutoe upande mmoja. Ukiweka jua kushoto na jua kulia, chungwa linakuwa puto.

Tena ukififisha kahawia, ncha zote mbili ziwe kahawia ile ile, moja nzito na nyingine wazi kabisa. Ukififisha kwenda kwenye nyeupe, utapata ukungu juu ya tunda lako.

Wanaochora mabango nao wasikilize. Ukitanda rangi mbili zinazokaribiana sana kwenye bango la mita moja, huenda kati yake kuna hatua 20 tu. Kila hatua itakuwa na upana wa sentimita tano, na bango litaonekana limevaa kanzu ya mistari. Nyunyizia chembechembe kidogo, programu nyingi za picha zina kitufe chake, na mistari inajificha.

La mwisho ndilo linaloumiza mfuko. Kioo kinatoa mwanga, karatasi inapakwa wino. Ile buluu inayong'aa kama taa ikifika kwenye wino mara nyingi inapoa na kuelekea zambarau. Kwa hiyo kabla hujasema "piga zote", omba ichapwe moja ya majaribio. Itazame juani, umwonyeshe na shangazi.

Kadi zangu nilizirudia usiku ule ule. Njano, chungwa, waridi, zambarau, ndipo buluu. Safari hii nililipa kwa mshahara wangu, mwezi mzima nikala maharage. Mdogo wangu alipoziona alisema neno moja tu: "Kaka!" Nikajua nimesamehewa.

Zile 200 za moshi bado zipo. Shangazi anaandikia orodha ya sokoni nyuma yake.