Bima ya Sungura: Maswali ya Kuuliza Kabla Hujaweka PIN

Tukitaja bima, wengi hufikiria gari, hospitali ama ng'ombe wa maziwa. Sungura? Hapo watu hucheka kidogo. Lakini mtu mwenye majike ishirini ya New Zealand White nyuma ya nyumba huko Kiambu hacheki, kwa sababu ugonjwa ukiingia bandani, karo ya muhula inaenda nao. Na mzazi wa Nairobi ambaye mtoto wake amempa sungura jina hacheki pia, siku daktari wa mifugo anapomwambia meno lazima yakatwe, na baada ya muda yatakatwa tena.

Hawa wawili wanaogopa hasara tofauti. Mfugaji anaogopa kifo. Mwenye sungura wa nyumbani anaogopa bili ya mnyama aliye hai. Bima ya mifugo kwa kawaida hulipa thamani ya mnyama aliyekufa, na bili za matibabu inakuachia wewe. Bima ya wanyama wa nyumbani ndiyo hugusa matibabu. Ukinunua ile ya kwanza ukidhani ni ya pili, utalipa mwaka mzima na siku ya shida uambiwe, kwa upole kabisa, kwamba sungura wako bado anapumua.

Kwa hivyo anza na swali dogo: sungura ametajwa? Mikataba mingi ya mifugo iliandikwa ikiwaza ng'ombe, na ile ya wanyama wa nyumbani ikiwaza mbwa na paka. Maneno kama "na wanyama wengine" yasikutulize. Mwambie ajenti akuonyeshe neno sungura ndani ya mkataba wenyewe. Ati amekutumia kwa WhatsApp? Hiyo haitoshi.

Sasa twende kwa mfugaji, maana hesabu yake ndiyo huchanganya watu zaidi. Tuchukue mfano (si bei ya kampuni yoyote, ni hesabu tu). Una majike 20, kila mmoja shilingi 2,000, jumla 40,000. Premiamu ikiwa asilimia 5, hiyo ni shilingi 2,000. Juu yake kwa kawaida huja tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ya Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Unafika 2,049. Mpaka hapo si mbaya.

Halafu wanakufa watatu. Hasara ni 6,000. Hapa uliza: sehemu gani ya hasara nabeba mwenyewe? Mkataba ukisema asilimia 20 ya kila dai, unabeba 1,200 na kupata 4,800. Ukisema "asilimia 20, lakini isipungue shilingi 5,000", unapata 1,000. Premiamu ni ile ile, sungura ni wale wale, na kilichobadilika ni maneno machache kwenye ukurasa ambao watu hawafiki. Kiwango kama hicho kina maana kwa ng'ombe wa laki moja, lakini kwa sungura kinameza karibu fidia yote. Kwa maoni yetu, hili ndilo swali la kwanza kwa mfugaji mdogo, hata kabla ya kuuliza bei.

Uliza pia kuhusu umri. Watoto wa sungura hufa kwa urahisi kabla ya kuachishwa kunyonya, kwa hivyo usishangae kampuni ikikataa kuwabeba. Na wizi? Na mbwa wa jirani akivunja banda? Kifo cha ugonjwa na kifo cha mbwa si lazima viwe kwenye orodha moja. Kuhusu ugonjwa wenyewe, kokisidiosisi, ile ya kuharisha inayomaliza wadogo haraka, huenea kupitia kinyesi na hupenda banda chafu lenye unyevu. Kampuni inaweza kusema ni uzembe wako. Sakafu ya waya inayoangusha kinyesi chini, vyombo vya chakula vilivyoinuliwa, na daftari la dawa ulizotoa vitakusaidia kujibu.

Halafu kuna jambo la kumtambua aliyekufa. Ng'ombe huwekewa kipande chenye namba kwenye sikio. Sungura weupe ishirini wanafanana kama mayai kwenye trei. Kampuni ikikuuliza ni yupi amekufa, utasema nini? Chora namba kwenye sikio kwa wino wa tatuu ama uweke alama nyingine ambayo kampuni imekubali kwa maandishi, piga picha, na uandike tarehe. Akifa, usikimbilie kumzika. Piga simu kwanza, kisha utafute ripoti ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya. Kama mkataba unasema utoe taarifa ndani ya saa 24, saa 30 ni kuchelewa.

Mwenye sungura wa nyumbani ana maswali yake. Uingereza, ambako bima ya sungura ni jambo la kawaida, mikataba mingi hukataa ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima, huweka kipindi cha kungoja ambacho mara nyingi ni siku 14 kwa magonjwa, na huwa mikali sana kuhusu meno. Yote matatu yanafaa kuulizwa hapa kwetu. La meno lina uzito wa kipekee kwa sababu meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na asipotafuna nyasi za kutosha yanarefuka na kumdunga mdomoni. Mkataba usiolipia meno umeacha nje mojawapo ya sababu kubwa za kumpeleka sungura kwa daktari.

Uliza pia kama lazima upate ruhusa ya kampuni kabla ya matibabu. Sungura huficha ugonjwa, na akiacha kula tumbo linaweza kusimama. Akikaa nusu siku bila kula, hiyo ni dharura. Kama ofisi ya bima hufunguliwa Jumatatu na yeye ameacha kula Jumamosi jioni, nani atatoa ruhusa?

Na kama una sungura wawili tu? Tungekushauri uangalie hesabu bila haya. Kuweka shilingi 300 kila mwezi kwenye akiba iliyofungwa hukupa 3,600 kwa mwaka. Usipozitumia ni zako, na hakuna fomu ya dai. Udhaifu wake ni kwamba janga likija mwezi wa pili utakuta 600 tu. Bima ina maana zaidi pale ambapo hasara ya siku moja ni kubwa kuliko unachoweza kuweka mwaka mzima.

Ukishaamua kununua, hakikisha kampuni na ajenti wako kwenye orodha ya wenye leseni inayotolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Leseni hutolewa upya kila mwaka, kwa hivyo ile picha ya mwaka juzi haikusaidii. Lipa kwa Paybill ya kampuni, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ajenti akikuomba utume kwa namba yake binafsi "ndio mambo yaende haraka", simama hapo. Sheria ya Bima ya Kenya, kifungu cha 156, inasema kampuni haibebi hatari yako mpaka premiamu iifikie. Pesa zikilala kwa simu ya ajenti, huenda sungura wako hana bima hata kama wewe umelipa.

Kwa sababu hiyo hiyo, kama unalipa kidogo kidogo kila mwezi, uliza nini hutokea ukichelewa siku tatu. Weka ule ujumbe wa malipo pamoja na picha za sungura na mkataba. Mkataba usipofika kwa muda ulioahidiwa, iandikie kampuni ukitaja namba ya muamala, na ukinyamaziwa, peleka malalamiko IRA ukiwa na ujumbe huo mkononi.