Bulongo Mukali: Kupima Tindikali ya Udongo Nyumbani

Mwezi wa nane uliopita, mama mkubwa alinionyesha tuta la lengalenga nyuma ya nyumba. Majani yalikuwa ya manjano, mizizi mifupi. "Bulongo ya huku iko mukali," akasema, akaleta ndoo ya majivu. Nilimwomba asubiri tupime kwanza. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si wa kilimo, lakini neno lile lilinisumbua. Kwetu Lubumbashi, bulongo mukali ni udongo wowote unaokataa mbegu, iwe kwa chumvi, kwa tindikali au kwa shaba. Kipimo huuliza swali jembamba zaidi: je, ni tindikali?

Kipimo hicho ni pH, ambayo sisi tunaitamka "pe-ashi" kama Wafaransa. Kilibuniwa mwaka 1909 na Mdenmaki Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg, watengenezaji wa bia wa Copenhagen. Namba 7 ni katikati, na chini yake ni tindikali. Kinachosahaulika ni kwamba kila hatua ni mara kumi: udongo wa 5 una tindikali mara kumi kuliko wa 6, na mara mia kuliko wa 7. Kukosea namba moja, basi, si kosa dogo.

Mimi nilikosea karibu mbili. Nilitia udongo katika glasi, nikamimina maji ya kisima, nikachovya karatasi ya kupimia. Ikaonyesha 7. Nikamwambia mama mkubwa kwamba majivu hayahitajiki, naye akarudisha ndoo bila neno. Jioni rafiki yangu anayesoma kemia akaniuliza: "Na maji yenyewe uliyapima?" Sikuwa nimeyapima. Yalikuwa zaidi ya 7, kwa sababu maji ya kisima hubeba chokaa ya miamba yanamopita. Nilikuwa nimepima kisima, si bustani.

Maji yanayofaa ni yale yaliyotokana na mvuke uliopozwa, ambayo mafundi wa magari huyatumia kuongezea betri. Hapa lugha inaweza kukuunguza: "maji ya betri" wengine huyaita hayo, na wengine huita hivyo hivyo tindikali yenyewe ya betri. Soma chupa kabla ya kuifungua.

Udongo nao haufai kuchotwa mahali pamoja. Tulichukua sehemu kumi za bustani, kina cha sentimita kumi na tano, tukikwepa pale jivu la mbabula humwagwa. Tukachanganya, tukaanika kivulini juu ya plastiki, tukaponda na kuchekecha. Kisha gramu 20 za udongo kwa mililita 50 za maji, koroga, acha nusu saa, koroga tena, acha utulie. Karatasi inachovywa katika maji ya juu tu, kwa kuwa udongo wetu mwekundu huipaka rangi ukakusomea uongo. Rangi isomwe mchana, nje, si chini ya taa. Mwenye mashine ndogo ya kupimia airekebishe kwanza kwa vimiminika vya pH 4 na 7, hata kama ni mpya. Vile vijiti vya kuchomeka ardhini, visivyo na betri, siviamini, maana namba yake hubadilika ukiongeza maji tu. Siki nayo ikitoa povu inakuambia kuna chokaa au majivu, haikupi namba.

Tulirudia mara tatu. Mara zote ilikuwa kati ya 5 na 5.5. Mboga nyingi hupenda 6 hadi 7, kwa hiyo mama mkubwa alikuwa na haki na majivu yake, nami nilimwomba radhi.

Hata hivyo, mjini hapa namba hiyo ina uzito mwingine. Tanuru la shaba lilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake wa salfa ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki miaka mingi, ukiangusha tindikali na metali pamoja. Penga Penga wanajua: huko watafiti wa fakulte ya agronomia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walijaribu kurudisha majani kwa chokaa na mboji. Tindikali ikizidi, shaba, zinki na kadmiamu huyeyuka kwa urahisi na kuingia katika mizizi. Chokaa huzifunga kwa kiasi, haiziondoi. Kwa hiyo pH ya 6.5 haimaanishi kwamba mboga ni salama. Karatasi ile haioni kadmiamu.

Tumetia majivu nusu ya tuta, na nusu nyingine tumeiacha ilivyo. Tutapima tena mwezi wa nane, maana kipimo cha masika hakilingani na cha kiangazi. Mfuko wa pili wa udongo ule ule uko juu ya kabati, umekauka na kuandikwa tarehe, unangojea pesa ya maabara kwa ajili ya metali. Mpaka hapo, matembele ya upande wa ukuta mama mkubwa hayachumi tena kwa ajili ya watoto.