Leseni ya Dereva na Haki ya Kusikilizwa

Hatuna neno la kumtetea mtu anywaye pombe kisha akashika usukani. Gari mikononi mwa mlevi ni silaha, na mwenda kwa miguu hana ngao. Hata hivyo liko swali ambalo kila mfanyakazi apataye riziki yake barabarani yampasa alifikiri: je, serikali yaweza kumnyang'anya dereva leseni kabla hajasikilizwa?

Huko Marekani swali hili limebishaniwa miaka mingi. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua shauri la mchungaji mmoja wa Georgia. Mtoto aliyepanda baiskeli alikuwa amegonga ubavu wa gari lake, naye mchungaji hakuwa na bima. Wakuu wakaazimu kuizuia leseni yake, wala hawakutaka kusikia kama kosa lilikuwa lake au la. Mtu huyu alihudumia waumini wa vijiji vitatu, na pasipo gari hakuweza kuwafikia. Majaji wakanena kuwa leseni ikisha kutolewa yaweza kuwa nguzo ya riziki, haiondolewi ovyo.

Kisha kikaja kisa cha pombe. Mwaka 1976, katika Massachusetts, dereva aligongana na pikipiki, akakamatwa kwa tuhuma ya ulevi, akakataa kupimwa pumzi. Sheria ya huko ilisema akataaye azuiliwe leseni siku 90. Shtaka la ulevi likafutwa mahakamani, lakini amri ya kuzuia leseni ikabaki pale pale. Mwaka 1979 majaji 5 dhidi ya 4 wakaamua kwamba, kwa ajili ya usalama wa watu, serikali yaweza kuzuia kwanza na kusikiliza baadaye, mradi kusikilizwa kusicheleweshwe.

Ndiyo maana katika California dereva aliyekamatwa hukabili mambo mawili mbalimbali: kesi ya jinai mahakamani, na shauri la leseni mbele ya idara ya magari. Hupewa karatasi ya kumruhusu kuendesha siku 30, lakini ana siku 10 tu za kuomba asikilizwe. Akiomba, aweza kuuliza: askari alikuwa na sababu ya haki ya kumshuku? Kukamatwa kwake kulikuwa halali? Kipimo kilifika kweli asilimia 0.08 ya pombe katika damu? Asiyeomba kwa wakati hupoteza nafasi hiyo, hata kama hakuonja tone.

Na hata huko kulikuwa na kasoro kubwa. Ofisa mmoja wa idara ndiye aliyeitetea idara, na huyo huyo ndiye aliyetoa hukumu. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya kesi ya ngedere hakimu akiwa nyani. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya California ilikata shauri kuwa mtindo huo wavunja haki.

Sisi twaona mafunzo mawili. Barabara lazima zilindwe, na mlevi aadhibiwe bila huruma. Lakini adhabu huanza baada ya kusikiliza, na msikilizaji asiwe mshitaki. Nawe ndugu dereva, haki hailetwi nyumbani kwa mtu aliyelala: isome karatasi uliyopewa, zihesabu siku zako. Lililo bora kuliko yote, ukinywa, mwachie mwingine usukani.