Mtetee Usiyekubaliana Naye

Kilimani Braamfontein, Johannesburg, palikuwa na gereza ambamo Gandhi na Mandela waliwahi kufungwa, kila mmoja kwa wakati wake. Leo pana Mahakama ya Katiba, iliyohamia hapo mwaka 2004, na sehemu ya kuta zake imejengwa kwa matofali ya mahabusu iliyobomolewa. Humo ndimo wanafunzi wa sekondari wameshindana katika fainali za kitaifa za kesi za kuigiza, mashindano yaliyoanza mwaka 2011. Kesi ni ya kubuni, ila Katiba wanayoitumia ni ile ile ya majaji.

Sharti moja la mashindano hayo ningelitamani lifike kwetu: timu huandaa hoja za pande zote mbili. Leo unamtetea mwanafunzi aliyefukuzwa, kesho unamtetea mwalimu mkuu aliyemfukuza.

Chukua kesi ya kweli ambayo mahakama hiyo iliiamua mwaka 2007. Msichana wa shule moja ya Durban alivaa kipini puani. Shule ikasema sare ni sare, ukimruhusu huyu kesho watakuja wangapi? Familia ikajibu kuwa kwa Wahindu wenye asili ya India Kusini binti hutobolewa pua akipevuka, na kipini hicho ni sehemu ya mila yao. (Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa kipini ni nini.) Binti alishinda. Sasa wape kidato cha pili kesi hiyo kabla hawajaijua hukumu. Atakayeitetea shule ataona kwamba hoja yake si ya kikatili hata kidogo: sare husaidia asijulikane nani katoka nyumba ya mabati na nani katoka ghorofani. Atakayemtetea binti atabanwa aeleze kwa nini kipini kiruhusiwe na hereni za fasheni zikataliwe. Wote wawili watatoka jasho, na hilo ndilo tunalolitaka.

Johannesburg inajua pia mdahalo unaweza kufika wapi. Tsietsi Mashinini alikuwa kinara wa mdahalo katika sekondari ya Morris Isaacson, Soweto. Shuleni hapo aliwahi kufundisha historia Onkgopotse Tiro, kijana aliyefukuzwa chuo kikuu mwaka 1972 kwa hotuba ya kuikosoa elimu waliyopangiwa Waafrika. Tarehe 16 Juni 1976 Mashinini alikuwa mstari wa mbele wanafunzi walipoandamana kukataa kufundishwa masomo kwa Kiafrikana. Polisi walizijibu hoja zao kwa risasi.

Mada moto ya Johannesburg ya sasa ni wageni. Ghasia za Mei 2008, zilizoanzia Alexandra, ziliua watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Hesabu hiyo peke yake inatosha kipindi kizima: aliyeshika rungu alimtambuaje mgeni? Lakini fikiria darasa la Yeoville, mtaa ambako Kiswahili cha Kongo husikika sokoni. Dawati hili amekaa mtoto wa Bukavu, dawati la pili amekaa mtoto ambaye baba yake hana kazi na anaamini mgeni ndiye aliyemnyang'anya. Mwalimu akitaka igizo dhima hapo, asithubutu kumpa mtoto wa Bukavu nafasi ya mgeni. Huko si kuigiza, ni kumtonesha kidonda mbele ya wenzake. Nafasi hiyo apewe mwenyeji.

Jumba la makumbusho la ubaguzi wa rangi, kusini mwa jiji, limelielewa hili. Tiketi yako inakupanga kwa kubahatisha, mweupe au asiye mweupe, nawe unapita mlango ulioandikiwa, rangi yako halisi iwe yoyote. Rafiki uliyekuja naye anaweza kupita mlango wa pili. Ni dakika chache tu, kisha maonyesho yanakueleza ulichopitia.

Huku kwetu, midahalo mingi bado inazunguka pale pale: elimu ni bora kuliko fedha, mkulima ni bora kuliko daktari. Mtoto anamaliza shule akiwa hodari wa "Mheshimiwa mwenyekiti", na hajawahi kubadili mawazo hata mara moja. Wakati huo huo mada za kweli zipo: viboko, ambavyo Afrika Kusini ilivifuta kwa sheria ya shule ya mwaka 1996, Tanzania bado vinaruhusiwa. Wasichana waliojifungua waliruhusiwa kurudi shuleni mwaka 2021, na manung'uniko hayajesha.

Walimu wa midahalo, Ijumaa ijayo anzeni na viboko. Pigeni kura ya kubahatisha pande, msiwaache wachague. Anayeapa kuwa fimbo ndiyo iliyomfanya kuwa mtu, apangwe kuipinga, anayeichukia aitetee, na wakimaliza wabadilishane. Mwalimu wa nidhamu naye aalikwe, akae nyuma, asikilize bila kuchangia.