Kujifunza Mwili: Kwa Nini Ng'ombe Hatoshi

Huku Mwadui na Shinyanga yote hatuna haja ya kuambiwa ini ni nini, wala wengu, wala figo. Sisi ni watu wa ng'ombe, na mtoto aliyepata kusimama karibu na mchinjaji amekwisha kuviona viungo hivyo vyote. Ndiyo sababu, tukisikia kwamba kijana wetu aliyekwenda Bugando, Mwanza, kujifunza udaktari huwekwa mbele ya maiti ya mtu, wengine hushtuka na kuuliza: Je, mnyama hatoshi?

Swali hilo si la kipumbavu, maana hata mabingwa walilijibu vibaya. Galen, mganga mashuhuri wa zama za Warumi katika karne ya pili, alizuiwa na desturi za wakati wake kupasua maiti za watu. Basi alipasua nyani, nguruwe na ng'ombe. Chini ya ubongo wa ng'ombe aliona wavu wa mishipa midogo ya damu, akaandika kwamba mwanadamu naye anao. Akasadikiwa kwa zaidi ya miaka elfu. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, mwalimu wa Padua katika Italia, aliyekuwa akipasua maiti za watu kwa mkono wake mwenyewe, alitoa kitabu kikubwa kilichoonyesha kwamba Galen alikuwa amewasoma wanyama. Wavu ule sisi hatunao.

Tangu hapo maiti amekuwa mwalimu. Ndivyo ilivyokuwa Makerere, ambako udaktari ulianza kufundishwa mwaka 1924, na Dar es Salaam tangu 1963, na Bugando tangu 2003. Katika masomo ya miaka mitano elimu hii, iitwayo anatomia, hutangulia. Wanafunzi kadhaa huizunguka meza moja, nao huufunua mwili tabaka kwa tabaka, mfano wa wachimbaji katika shimo letu la almasi: kwanza ngozi, kisha mafuta, kisha misuli, ndipo mishipa na mifupa. Mifupa peke yake ni 206. Tena hutazama vipande vyembamba vya nyama kwa hadubini, na hujifunza jinsi mtoto aumbwavyo tumboni: moyo wake huanza kupiga katika juma la nne, mtoto mzima akiwa hajazidi punje ya mtama.

Lakini faida yake i wapi kwetu? Tuchukue sindano ya takoni. Ndani ya tako umepita mshipa wa fahamu mnene kama kidole, uendao mguuni hata unyayoni. Sindano ikiuchoma, mtoto aliyeletwa kwa homa aweza kurudi nyumbani homa imekwisha, naye anaburuta mguu. Kwa hiyo mwanafunzi huufunua mshipa huo mwenyewe, akaona upitapo na kule usikofika. Ndiyo maana mganga huligawanya tako kwa macho robo nne, akachoma robo ya juu iliyo upande wa nje. Mchinjaji asingaliweza kumwonyesha hayo. Wala picha ya kitabuni haitoshi, kwa kuwa katika watu wengine mshipa huo hugawanyika mapema, juu zaidi kuliko kitabu kisemavyo.

Maiti hao ni nani? Wengine ni watu waliokubali kabla ya kufa kwao kwamba miili yao itumiwe hivyo. Wengine ni wale ambao hakutokea ndugu wa kuwachukua. Hutiwa dawa ya fomalini wasioze, na harufu yake, kwa kweli, hukaa nguoni. Wanafunzi hawaambiwi majina yao, na mzaha mbele yao umekatazwa. Kazi ikiisha, mabaki huzikwa, au katika nchi nyingine huchomwa, kwa heshima ile ile wapewayo wafu wengine.