Besi ya Geddy Lee na Majiko ya Kuku

Mimi ni fundi mitambo. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya mixa kwenye kumbi za harusi, makanisani na kwenye baa zenye bendi hapa Dar es Salaam, nihakikishe aliyekaa meza ya mwisho anasikia kila chombo kinachopigwa. Ndiyo maana nikitazama shoo ya watu wengine macho yangu hayaendi kwa mwimbaji. Yanafuata waya: unatoka wapi, unaingia wapi. Na katika shoo zote nilizowahi kutazama, hakuna iliyonikalia kichwani kama ile ya Rush, bendi ya watu watatu kutoka Toronto, Kanada, iliyorekodiwa kwenye uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, tarehe 23 Novemba 2002.

Siku hiyo malori ya vyombo yalichelewa. Yalikuwa yanatoka São Paulo, ambako bendi ilikuwa imepiga usiku uliotangulia, na njiani yakakutana na mvua. Mafundi walipomaliza kufunga kila kitu, muda wa kupima sauti ulikuwa umekwisha na watu wamekwisha ingia uwanjani, kama 40,000. Anayeifanya kazi hii akisikia habari hiyo tumbo linamkata. Uwanja wa mpira, hewa ina unyevunyevu, bendi haijagonga hata noti moja ya majaribio, halafu unaambiwa anza. Tena kamera zinarekodi.

Wakaanza. Walipofika kwenye wimbo wao unaoitwa YYZ, ambao hauna hata neno moja la kuimba, umati ukaimba vyombo. Watu wanarukaruka huku wanaimba mlio wa gitaa kwa midomo. Mimi nilichokishika pale ni besi. Katikati ya makelele yale yote, kila noti ya besi inasikika ina mwanzo na mwisho wake, nzito lakini haijavimba, na pembeni ina ukali fulani unaokwaruza sikio kidogo tu, kiasi cha kukufanya ugeuze shingo.

Mwenye besi hiyo ni Geddy Lee, aliyezaliwa Toronto mwaka 1953, mtoto wa Wayahudi wa Poland walionusurika kwenye kambi za Wanazi. Ndani ya Rush yeye anapiga besi, anaimba, anapiga kinanda, na mikono ikishashikwa anakanyaga kinanda cha miguuni kinachotoa sauti nzito. Wakati huo Alex Lifeson alikuwa kwenye gitaa, Neil Peart kwenye ngoma. Basi, watu wamekwisha. Hapo lazima tuelewane, maana sisi tumezoea dansi: solo yupo, ridhim yupo, mara nyingine na gitaa la tatu, kwa hiyo mpiga besi anaweza kutulia chini na kushika nguzo, wenzake wanajaza juu. Kwa Rush, Lifeson akianza kupiga solo hakuna wa kumshikia ridhim. Pale juu panabaki wazi. Besi isipopanda kuziba pengo wimbo unakonda, na ikipanda sana ikasahau kazi yake ya chini, wimbo unaelea. Sauti ya Geddy Lee imetokana na shida hiyo. Inabidi iwe besi, na kwa wakati huohuo iwe nusu ya gitaa.

Sasa tazama nyuma yake. Upande wa Lifeson kuna spika zimepangwa, kama ulivyozoea kuona kwenye jukwaa la roki. Upande wa Geddy Lee hakuna spika hata moja. Kuna mashine tatu za kukaushia nguo, za Maytag, za aina ile ya kutumbukiza sarafu inayokaa kwenye madobi ya Marekani. Zinawaka, zinazunguka, na ndani yake zimo fulana. Mwisho wa shoo fulana zinatolewa na kurushiwa watu.

Anayeziona mara ya kwanza hudhani ni kichekesho tu. Kichekesho kipo, lakini nyuma yake kuna uamuzi wa kifundi ambao naupenda kuliko kichekesho chenyewe.

Miaka ya 1960 bendi haikuwa na mitambo mikubwa ya ukumbi kama tuliyo nayo leo. Maiki za waimbaji ndizo zilizoingia kwenye spika za ukumbi. Gitaa na besi zilijitegemea, kila moja na amplifaya yake, na hiyo ndiyo iliyotakiwa kufika hadi ukuta wa nyuma. Kumbi zikakua, amplifaya nazo zikakua. London, John Entwistle na Pete Townshend wa The Who walimsumbua Jim Marshall hadi akawatengenezea amplifaya za wati 100. Mwaka 1969, Ampeg ya Marekani ikatoa SVT ya besi: wati 300, valvu 14, kichwa peke yake karibu kilo 40, bado hujalibeba kabati lenye spika nane za inchi 10. Rolling Stones walizunguka nazo Marekani mwaka huohuo. Hapo ndipo tulipopata ile picha ya mpiga roki aliyesimama mbele ya ukuta wa spika. Baadaye mitambo ya ukumbi ikakua, ikaweza kubeba kila chombo, na ukuta ukabaki pale kwa mazoea, kwa raha ya mpigaji, na kwa macho ya watu.

Kwa fundi mitambo, ukuta ule ni mgeni mkorofi. Uzi mzito wa besi, ule wa E, ukiachiwa unatetema kama mara 41 kwa sekunde. Wimbi lake hewani linazidi mita nane. Wimbi la urefu huo halielekezwi. Linatapakaa kila upande, linapita chini ya meza, linazunguka nguzo, linaingia kwenye maiki za ngoma na kwenye maiki ya mwimbaji. Na kwa Rush mwimbaji ndiye mpiga besi mwenyewe, amesimama hatua chache kutoka kwenye spika zake. Kila akifungua mdomo, maiki yake inakusanya besi pamoja na sauti. Ukipandisha sauti yake, umepandisha na matope.

Geddy Lee alipoanza kujisikiliza kupitia spika ndogo za masikioni, sababu ya kubaki na makabati jukwaani ikawa imekwisha. Akayatoa. Waya wa besi yake ukawa unaingia kwenye mashine za kwenye raki, nyuma ya jukwaa, halafu unakwenda moja kwa moja kwenye mixa. Hilo ndilo jambo ambalo vijana wetu wanalidharau. Kanisani au harusini, mpiga besi akiambiwa achomeke kwenye kiboksi cha DI, kinachoipeleka besi moja kwa moja kwenye mixa, ananuna, anaona amepewa nafasi ya maskini. Mtu aliyewahi kupiga Maracanã alikuwa anachomeka hivyohivyo.

Ila hakuchomeka kijingajinga. Sauti ya besi yake hugawanywa, na hapa ndipo penye kazi. Njia moja inabaki safi: ndiyo inayobeba uzito, ile sehemu unayoisikia kifuani. Njia nyingine inapita kwenye SansAmp, kifaa cha kampuni ya Tech 21 ya Marekani kinachoigiza amplifaya ya valvu iliyozidiwa mpaka imeanza kukwaruza. Nyingine inapita kwenye kifaa cha Palmer, kampuni ya Ujerumani, kinachoigiza tabia ya spika, maana spika halisi hukata makali ya juu na bila hivyo mkwaruzo unageuka kuwa nyuki. Kila njia inafika kwenye mixa na chaneli yake. Fundi wa ukumbi akitaka uzito anapandisha ile safi, akitaka noti zitoboe gitaa anapandisha ile chafu, bila moja kuiharibu nyingine.

Kwa nini usiikwaruze sauti yote tu? Kwa sababu mkwaruzo unakula noti za chini. Ukiizidishia nguvu besi nzima, sauti inabanwa, mlio wa juu unachanua lakini tumbo linapotea, na ukiwa mbali unasikia mngurumo usio na noti. Ukitenganisha, chini panabaki imara na juu panachafuka upendavyo. Tech 21 baadaye walimtengenezea Geddy Lee kifaa chenye jina lake, GED-2112, na ndani yake mna njia mbili hizohizo zinazokwenda sambamba.

Gitaa lenyewe la besi lina historia ya kuchekesha. Ni Fender Jazz Bass ya mwaka 1972, nyeusi, yenye shingo nyembamba. Alilinunua kwenye duka la rehani huko Kalamazoo, jimbo la Michigan, kwa dola 200, akiwa ziarani. Wakati huo watu walimjua kwa gitaa lingine, Rickenbacker 4001, lenye matundu mawili ya waya, kila pikapi, ile sumaku inayodaka mlio wa nyuzi, ikaweza kwenda kwenye amplifaya yake. Kwa hiyo mazoea ya kugawanya sauti hayakuanza na SansAmp. Alikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Fender ile ya dola 200 iliingia studio kurekodi wimbo Tom Sawyer, uliotoka mwaka 1981, lakini ilibidi ingoje hadi miaka ya 1990 ndipo ikawa gitaa lake kuu.

Katikati ya miaka ya 1980 alipiga Steinberger, lile gitaa dogo lisilo na kichwa, kisha Wal ya Uingereza. Wapo wanaoipenda Wal kuliko zote, na siwalaumu, ina sauti ya kuongea. Steinberger mimi sina hamu nayo. Ni safi mno, kila noti imenyooshwa na kupigwa pasi. Nikisikiliza rekodi za miaka ile nasubiri kitu kipasuke na hakipasuki.

Kinachopasua kwenye Fender ni mikono. Mtazame kwa karibu: kidole cha shahada cha mkono wa kulia hakivuti uzi kwa nyama peke yake, kinakwenda na kurudi, ukucha nao unagusa, karibu kama mtu anayetumia pleki. Anapiga kwa nguvu hadi uzi unagonga vyuma vya shingoni, na nyuzi zenyewe ni za chuma zilizozungushiwa waya wa mviringo, Rotosound za Uingereza, bado mbichi. Mlio unaotoka ni ule wa mnyororo wa baiskeli unaporuka meno. SansAmp inaukuta mlio huo tayari upo na kuupandisha tu. Nimeona watu wakinunua kifaa kilekile, wanachomeka besi yenye nyuzi zilizooza kwa jasho, wanapapasa kwa vidole laini, halafu wanalalamika kwamba wameuziwa feki.

Na zile mashine za nguo? Geddy Lee amewahi kueleza kwamba baada ya kutoa spika, upande wake ulibaki mtupu wakati upande wa Lifeson umejaa. Jukwaa likaonekana limeinama. Basi akaweka chochote. Kabla ya hapo alikwisha weka friji. Katika ziara iliyoanza mwaka 2007 akaleta majiko ya kuchomea kuku, yale yenye vioo, kuku wanazunguka mle ndani shoo nzima, na mtu aliyevaa kofia ya mpishi anatokea katikati ya wimbo kuwaangalia kama wameiva. Geddy Lee anaendelea kupiga wala hageuki. Mwaka 2015, kwenye ziara ya mwisho ya watatu hao, mashine za nguo zikarudi, lakini kadiri shoo ilivyoendelea mafundi walikuwa wanaondoa vitu jukwaani, kimoja kimoja, wakirudi nyuma kwenye miaka ya bendi. Mwishoni vilibaki viamplifaya vidogo juu ya viti, kama bendi ya shule.

Kuna kinachopotea, nisiwadanganye. Mpiga besi aliyesimama mbele ya kabati kubwa anaisikia noti kwenye suruali. Upepo wa spika unampiga miguuni, na mwili unajibu. Ukimwekea spika za masikioni, hayo hayapo. Anasikia kila kosa lake vizuri lakini ukumbi ameuacha nje. Wengine hawawezi kuzoea, na mimi sibishani nao, nawaachia kabati dogo, sauti chini, limeelekezwa miguuni.

Tangu nilipoanza kugawa besi chaneli mbili, moja safi na moja chafu, bendi moja ninayoifanyia kazi harusini imebadilika kabisa. Watu wa meza za nyuma wanazisikia noti, na mwimbaji hapigi tena kelele kushindana na spika iliyo mgongoni kwake. Mpiga besi wao aliisikiliza rekodi ya kwanza tuliyofanya hivyo, akairudia, akakubali. Sharti lake lilikuwa moja: kabati lake kubwa lisiguswe, libaki palepale nyuma yake hata kama halina waya.

"Kwani, fundi," aliniuliza, "ukiliondoa, watu watajuaje kama mimi ndiye besi?"