Je, Wajua? Vita vya Majina Ndani ya Sheda

Je, wajua kwamba rangi ya kila nukta unayoiona ukicheza mchezo wa kompyuta hukokotolewa na programu fupi iitwayo sheda? Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Mchezo ukionyesha picha 60 kwa sekunde, hizo ni pikseli zaidi ya milioni 124 za kupakwa rangi kila sekunde. Kazi hiyo ina lugha zake yenyewe. Kampuni ya Pixar ilitoa RenderMan mwaka 1988 ikiwa na lugha ya sheda ndani yake, na Pat Hanrahan, aliyeongoza ubunifu huo, alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2019 pamoja na Ed Catmull. Upande wa michezo, HLSL ya Microsoft ilikuja na DirectX 9 mwaka 2002, kisha GLSL ikaingia rasmi katika OpenGL 2.0 mwaka 2004.

Enzi hizo sheda ilikuwa na mistari michache, na majina hayakumsumbua mtu. Leo injini moja ya michezo hubeba maktaba nzima za sheda: za mwanga, za ukungu, za maji, za ngozi ya binadamu, kila moja na mwandishi wake. Wawili kati yao wakiipa fanksheni jina “nguvu” na vigezo vilevile, glslang, ambayo ni kompaila ya mfano ya GLSL, hugoma na kusema fanksheni hiyo tayari ina mwili. Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja alichagua jina zuri.

Dawa yake ni nafasi ya majina. Darasani wakiwepo Juma wawili, mwalimu humwita mmoja Juma Hamisi na mwingine Juma Ally. Vivyo hivyo, fanksheni moja huwa mwanga::nguvu na nyingine ukungu::nguvu. HLSL inaruhusu hilo. Lugha ya Metal ya Apple, iliyotangazwa mwaka 2014, imejengwa juu ya C++, kwa hiyo imeirithi moja kwa moja, na sheda zake nyingi huwa na mstari “using namespace metal;” karibu na mwanzo. Lugha ya Slang, iliyokabidhiwa kwa shirika la Khronos Group mwaka 2024, inayo pia.

Na GLSL? Je, wajua kwamba maneno “namespace” na “using” yamo katika orodha ya maneno yaliyohifadhiwa ya GLSL tangu toleo la kwanza la mwaka 2004? Ukiyatumia kama jina la kigezo, kompaila inakataa. Lakini hayafanyi kazi yoyote. Nafasi imewekwa, mlango haujafunguliwa kwa zaidi ya miaka 20. Kwangu mimi hilo ni pengo kubwa kuliko mengi yanayolalamikiwa katika lugha hiyo, kwa sababu kila mwandishi wa sheda hulipa gharama yake kila siku kwa majina marefu yasiyosomeka.

Majina hayo marefu hutokana na tabia ya kubandika kiambishi mbele ya jina, na tabia hiyo ina mizizi mirefu. Kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989 kiliahidi kutambua herufi 6 tu za mwanzo katika majina yanayovuka kutoka faili moja kwenda jingine, tena bila kulazimika kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Maana yake mwanga_jua na mwanga_taa vingeweza kuhesabiwa kuwa kitu kimoja, kwa kuwa “mwanga” peke yake tayari ni herufi 6. Kiwango cha mwaka 1999 kilipandisha idadi hiyo hadi 31. OpenGL, ya mwaka 1992, ilikulia katika mazingira hayo ya C: kila fanksheni yake huanza na gl, na ndani ya GLSL majina yote yanayoanza na gl_ ni mali ya lugha yenyewe.

Kuongeza nafasi za majina katika kompaila kunaonekana rahisi, na nusu ya kwanza ni rahisi kweli. Kompaila ikiingia ndani ya mabano ya “mwanga”, hukumbuka iko wapi na kuliandika kila jina jipya kwenye jedwali lake likiwa na mwanga:: mbele. Ugumu huanza wakati wa kutafuta. Tuseme uko ndani ya mwanga::jua na umeandika “rangi” tu. Kompaila hutafuta kwanza mwanga::jua::rangi, ikikosa hutafuta mwanga::rangi, ikikosa tena hutoka nje kabisa. Ikikuta jina, husimama hapo hapo. Basi mwenzako akiongeza fanksheni iitwayo “rangi” katika nafasi ya ndani, ile ya nje hufichika. Kwa kanuni za C++ hufichika hata kama vigezo vya ile ya nje ndivyo vinavyolingana zaidi na ulichoandika. Programu iliyokuwa ikikubalika jana inaweza kukataliwa leo ilhali mstari wako hujaugusa.

Kuna mtego mwingine uliojificha kwenye mabano. Tazama kipande hiki cha HLSL: (A::B) - c. Je, ni kutoa c kutoka A::B, au ni kugeuza -c iwe ya aina A::B? Macho peke yake hayawezi kujibu. Kama A::B ni aina ya data, ni kugeuza. Kama ni kigezo, ni kutoa. Kwa hiyo kompaila hailazimiki tu kusoma alama, inalazimika kufungua jedwali la majina katikati ya usomaji, na kulifungua kwenye nafasi sahihi. Aliyepanga sehemu ya kompaila inayosoma lugha bila kufikiria nafasi za majina hulazimika kurudi kufumua kazi yake.

Je, wajua kinachotokea kwa majina hayo baada ya kompaila kumaliza? Kompaila nyingi za C++ huyakunja: mwanga::nguvu inayopokea namba moja ya desimali huwa _ZN6mwanga5nguvuEf, ambapo 6 na 5 ni idadi ya herufi za kila jina. Katika SPIR-V, lugha ya kati inayotumiwa na Vulkan, mambo ni tofauti kabisa. Kila fanksheni na kila kigezo ni namba. Majina huambatanishwa kwa amri iitwayo OpName kwa faida ya anayetafuta hitilafu, na ukizifuta zote sheda inafanya kazi ileile. Panapobaki na jina la lazima ni mlango wa kuingilia wa sheda. Kwa hiyo kadi ya michoro haipungukiwi chochote: nafasi za majina ni msaada kwa binadamu, na mchezo hauendi polepole hata kidogo kwa ajili yake.

Shida hurudi pale kompaila inapotakiwa kutoa GLSL badala ya SPIR-V. Ikiandika mwanga_nguvu, huenda mtu tayari ana fanksheni yenye jina hilo. Ikiandika mwanga__nguvu, imeingia eneo lisilo lake, kwani GLSL imehifadhi majina yote yenye mistari miwili ya chini iliyofuatana. Slang huepa kwa kuongeza namba mwishoni, kama nguvu_0. Programu ya ANGLE, inayotafsiri sheda za WebGL ndani ya Chrome, hubandika _u mbele ya majina ya mwandishi, hivyo “rangi” huwa _urangi bila yeye kujua.

Wewe unayeandika GLSL leo, chagua kiambishi kifupi kwa kila faili, kama mw_ kwa mwanga na uk_ kwa ukungu, tumia mstari mmoja tu wa chini, na usianze jina lolote kwa gl_. Na kama mradi wako ni mpya na unaruhusu HLSL au Slang, anza huko.